Presha Yangu Ilipopanda Ghorofani

Hebu niambie, wewe ukiulizwa habari yako na mtu ambaye hata jina lake hulijui, unamjibu nini? Utasema nzuri. Hata kama jino limekukesheza, utasema nzuri kwanza, halafu ndiyo ushike shavu. Nakuuliza kwa sababu usiku wa jana niliota neno hilo likiniponza, tena ugenini, na koti sina.

Lakini kabla ya ndoto, nikueleze kidogo ili usipotee.

Binti yangu Nakijwa anaishi mji mmoja wa Ulaya ambao jina lake likifika kwenye ulimi wangu linateleza, kwa hiyo mimi nauita kwa Nakijwa, basi. Ana mimba yake ya kwanza na imeshakuwa kubwa. Mumewe, Tuvako, anaendesha malori ya masafa, leo yuko nchi hii, kesho ile. Sisi huku Usangi, binti akijifungua mara ya kwanza mama yake huenda kumkanda kwa maji ya moto, kumkorogea uji na kumshikia mtoto ili naye apate usingizi. Ila lazima uitwe. Huwezi kujipeleka tu nyumbani kwa mkwe na kikapu mkononi, ukafika ukasema nimekuja.

Basi mimi nilikuwa nasubiri kuitwa. Kila Jumapili simu inalia, nauliza, "Habari za huko?" Anajibu, "Nzuri, mama. Za nyumbani?" Nami namwambia, "Nzuri tu." Tunaongea habari za ng'ombe na za barafu, tunaagana. Kuitwa hakuna.

Jana nilipokwenda kupimwa presha nilimuuliza nesi Eliamani, kwa kuuliza tu, mtu mzima akienda mji wa nje ajiangalie vipi. Akaweka kalamu chini akanieleza taratibu. Dawa zisiwekwe kwenye begi kubwa, ziwe mkononi, ndani ya pakiti yake. Kwenye ndege usikae tu kama gunia, nyanyuka, damu nayo itembee. Maji unywe ya chupa iliyofungwa. Barabara uitazame pande zote, maana kwa wenzetu magari yanatoka usikokuzoea. "Na ukijisikia vibaya, mama, useme," akaniambia. "Usikae kimya kwa adabu." Nikamwambia asante, nikarudi nyumbani, nikalala nayo kichwani.

Sasa ndoto.

Niko ndani ya ndege. Ndege yenyewe ni jiko langu la nje, lile la mabanzi, limeota mabawa. Mafiga yamefungwa mikanda. Sufuria ya makande imefungwa mkanda. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu na tunapita juu ya mawingu, moshi unatoka vizuri kabisa.

Damu yangu ikanigusa begani.

"Mama Nakijwa, nesi amesema nitembee."

"Nenda," nikaiambia. "Lakini usiende mbali."

Ikafungua mkanda, ikajinyoosha, ikaanza kutembea katikati ya viti. Inasalimia abiria. Inamshika mtoto wa watu shavu. Mimi nimebaki nimepauka kidogo, nimeegemea gunia la mkaa, naingojea kama mtu anayengoja mwenzake aliyeingia dukani. Iliporudi ilikuwa imepewa karanga.

"Kule nyuma kuna nafasi ya kunyoosha miguu," ikasema, ikaingia mahali pake kuanzia kwenye vidole.

Tukatua.

Mlangoni pa mji alisimama ofisa mmoja, Kipimajoto. Ni mrefu, mwembamba, wa kioo, amevaa tai ya bluu, na akifikiri ule mstari wa ndani unapanda na kushuka. Kiswahili chake cha Gonja kabisa, cha milima ya kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Habari yako?"

"Nzuri."

Akageuka akawaambia wenzake waliokuwa madirishani, "Huyu ni wa nzuri." Nao wakaitikia, "Wa nzuri," kila mmoja kwa sauti yake.

"Na hiyo mkononi ni nini?"

"Vidonge vyangu vya presha. Viko ndani ya pakiti yake, kama nilivyoelekezwa."

"Vya nini, na wewe ni wa nzuri?"

"Nzuri ile ni ya kusalimiana tu, baba."

"Ya kusalimiana huku hatuna," akasema. "Huku mtu akisema, anaaminiwa." Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi.

Pakiti ikafunguka. Kidonge cha mbele kikachungulia.

"Mama, tumesikia," kikasema. "Tumekufuata tangu Usangi, tumebanwa mkononi njia nzima, halafu mbele za watu unasema nzuri. Sasa sisi tuonekane tumefuata nini?"

"Msikasirike, wanangu."

"Hatujakasirika. Tunakwenda duka la dawa. Siku ukiumwa, njoo useme." Vikashuka vyote, vikajipanga mstari, vikaondoka bila kusukumana.

Hapo ndipo presha yangu ilipoanza kupanda.

Mimi miaka yote nilikuwa nasikia tu presha imepanda, presha imepanda, sikuwahi kuiona. Kumbe ni mbuzi. Mbuzi jike, mweusi, mdogo, ana kengele shingoni. Akatoka chini ya khanga yangu, akanitazama mara moja kama mtu asiyenifahamu, akaona ngazi, akapanda.

Nikatoka nje nimfuate. Barafu inaanguka kama unga wa muhogo. Mbele yangu kuna jengo refu, na presha yangu iko kwenye ukuta wake, inaruka kutoka dirisha hadi dirisha.

"Shuka," nikamwita.

"Si umesema nzuri?" akajibu, akapanda ghorofa nyingine.

Nikaelewa mambo yalivyo. Bila dawa huyo hashuki. Dawa sipati mpaka niseme naumwa. Na akifika juu kabisa pasipo na pa kukanyaga, mimi niliyeko chini ndiye nitakayeanguka.

Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Pale pa kuvukia kuna taa, na ndani ya taa kuna mtu mwekundu amesimama na mikono yake ubavuni.

"Simama hapo, shangazi," akaniambia.

"Mbuzi wangu yuko juu."

"Namwona. Anapanda vizuri. Tazama pande zote kwanza."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikainua mguu.

"Zote," akasema.

Nikatazama nyuma. Nikatazama juu. Nikatazama chini, nikaona chini ya lami kuna treni, watu wamekaa wanasoma magazeti, nikawapungia mkono nao wakanipungia.

"Bado upande wa ndani."

"Wa ndani ya nini?"

"Yako."

Nikatazama ndani. Goti langu la kulia lilikuwa limekaa kitako linajikanda lenyewe. Nyuma yake kulikuwa na hofu fulani, si kubwa, imejifunika blanketi hadi puani. Nikairudishia pazia.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Haya." Akajivua wekundu, akavaa kijani. "Vuka sasa. Na pua yako uirudishe nyuma kwanza."

Nikairudisha. Gari likapita palepale pua ilipokuwa, tena limetoka upande ambao sisi huku kwetu hautoi kitu.

Ng'ambo nikashikwa na kiu. Kwenye kibaraza palikuwa na chupa ya maji imekaa peke yake, imeinamisha kizibo.

"Usinipite," ikasema. "Mimi nimefungwa."

"Pole sana. Kwa kosa gani?"

"Si kosa. Kwa usalama wako."

"Utafunguliwa lini?"

"Wewe ukinifungua. Lakini sikiliza kwanza, nikilia 'tak' ujue ni mimi mwenyewe. Nisipolia, kuna mtu alishapita."

Nikaizungusha shingo. Ikalia tak. Nikainywa, ikanishukuru, ikasema haijawahi kufika popote.

Muuza dawa alikuwa miwani. Hakuna mtu nyuma yake, ni miwani mitupu, imevaa koti jeupe. Nyuma yake kwenye rafu vidonge vyangu vimekaa, vinatazama ukutani kama watoto waliogombezwa.

"Karibu mama. Habari?"

Niliuma midomo. Nilikaza mpaka masikio yakasogea.

"Nzuri," mdomo ukasema.

Kule juu kengele ikalia, mbuzi amepanda.

"Jaribu tena," ikasema miwani. "Hatuna haraka. Huku tunafunga mwaka ukiisha."

Nikachukua pindo la khanga nikajiziba mdomo. "Mmzuri," nikasema. Kengele ikalia. Nikaona labda nibadilishe neno. Nikasema salama. Nikasema si haba. Nikasema tunamshukuru Mungu. Nikasema hivyohivyo tu. Kila nikisema, kengele inasikika mbali zaidi.

Miwani ikajivua, ikajifuta kwa koti, ikajivaa. "Mama, hayo yote ni majina ya nzuri ileile. Umeiita kwa jina la baba, la mama na la ubatizo."

"Basi mimi nasukuma tu siku," nikasema, nimechoka.

"Hiyo tunayo," ikasema miwani, ikafurahi.

Ikaenda chumba cha nyuma, ikarudi inaviringisha siku. Siku nzima, mviringo, kubwa kama pipa la maji. Pembeni imeandikwa Jumapili.

"Isukume."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka unakokwenda. Kila mtu huku anasukuma yake."

Ni kweli. Nilipotoka niliona mji mzima uko barabarani, watu wanasukuma siku zao. Mwanamke mmoja alikuwa na Ijumaa, nyepesi kama puto, anaisukuma kwa kidole huku anapiga mluzi. Mzee mmoja alikuwa na Jumatatu ya bati, inagonga mawe, akanisogelea tukaenda bega kwa bega.

"Dada yangu, hiyo yako nzito," akaniambia. "Umebeba nini ndani? Harusi?"

"Simu moja tu."

"Simu ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Lo," akasema. "Bora hata hii yangu ya bati." Akakata kona.

Nikasukuma. Kipande kimoja cha njia kilikuwa cha mji wa Ulaya, kipande kinachofuata kilikuwa ule mteremko wa kwetu unaoshuka kisimani, kisha mji tena. Siku ilipogonga kizingiti ikasimama yenyewe. Nikainua macho, nikajua ni kwa Nakijwa, kwa sababu kwenye dirisha ameanika kikoi changu cha zamani.

Nikavua kandambili zangu nikaziweka mlangoni, zile za bluu, ya kulia nimeishona kwa waya mkanda ulipong'oka. Mguu kwenye barafu, baridi. Lakini kwa mkwe huingii na viatu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mama," ikatoka sauti yake. "Ila mlango haufunguki."

"Kwa nini?"

"Nzuri zimejaa."

Nikainama kwenye tundu la ufunguo. Ndani ni maboga. Maboga ya kijani, makubwa na madogo, yamepangana kuanzia mlangoni mpaka kwenye dari, yameziba kochi, yameziba jiko. Nakijwa mwenyewe yuko juu ya kabati la vyombo, amekaa na tumbo lake, anakula mkate mkavu.

"Kila Jumapili nilikuwa nakutumia nzuri," akasema. "Nilidhani zinafika kwako. Kumbe hazikukutana na mtu wa kuziamini, zimerudi zote. Na zako nazo zimekuja."

"Unakula lakini?"

"Nakula vizuri."

Pu. Boga likaanguka kutoka kwenye dari.

"Unalala?"

"Nalala sana tu."

Pu.

"Nakijwa, nyamaza. Utafunikwa."

"Sasa nikujibu nini, mama? Mtu akiulizwa anajibu." Akapangusa makombo kwenye tumbo. "Na wewe je? Habari yako?"

Nikaisikia inakuja. Tayari herufi ya kwanza ilikuwa kwenye meno. Nikageuka nikatazama juu. Presha yangu ilikuwa imemaliza ghorofa zote, imesimama juu ya antena kwa miguu ya nyuma, inatafuna wingu. Wingu likiisha haina tena pa kupanda.

Nikafumba macho.

"Mbaya," nikasema.

Neno lenyewe lilikuwa kali mdomoni kama ndimu. Lakini lilipotoka moja mengine yakafuata yenyewe.

"Mbaya, mwanangu. Presha imenipanda, iko kwenye antena hapo. Dawa zimenikimbia. Goti linaniuma nikishuka kisimani. Na Jumapili tukimaliza kuongea huwa sijui nifanye nini, nakaa na simu mkononi mpaka inapoa."

Kisha nikasikia miguu midogo mingi inakimbia barabarani. Ni vidonge vyangu, vinahema.

"Amesema," kimoja kikawaambia wenzake. "Nyie si mlibisha?" Kikaruka mdomoni, nikakimeza kwa mate.

Juu kule kengele ikaanza kushuka. Mbuzi hakushuka kwa ukuta, alishuka kwa lifti. Akatoka, akajipangusa kwato kwenye zulia la mlangoni, akaingia chini ya khanga akalala.

Na ndani boga moja likapasuka. Halikutoa kishindo, lilitoa pumzi tu, kama mtu aliyefungua kitufe cha sketi baada ya kula. Likafuata la pembeni yake. Mlango ukasogea, si sana, upana wa kuingiza mkono. Mkono wa Nakijwa ukatoka. Vidole vimevimba, pete ameivua. Nikaushika.

"Mama," akasema kwa mwanya ule. "Mimi miezi yote hii nilikuwa nata..."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na jogoo wa jirani alikuwa amemaliza kazi yake. Nikakaa kitandani, nikajipapasa. Presha ilikuwa imetulia. Nikashusha miguu kutafuta kandambili. Mguu wa kushoto ukapata ya kwake. Wa kulia ukapata sakafu.

Nikainama, nikachungulia uvunguni. Hakuna. Nikatazama nyuma ya mlango, nikatazama jikoni, nikamtazama mbwa, naye akanitazama. Nikarudi nikakaa. Nilipoushika mguu wa kulia ulikuwa wa baridi, baridi ya kuuma, na wa kushoto ulikuwa na joto lake.

Simu ikalia. Leo si Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Nakijwa. Habari za huko?"

Hakujibu nzuri. Nami sikumsaidia kuisema.

"Mama, usinicheke," akasema. "Nimefungua mlango sasa hivi nitoe taka. Kuna kandambili moja hapa nje, kwenye barafu. Ya bluu. Imeshonwa kwa waya, kama unavyoshona wewe."

Sikumcheka. "Iingize ndani," nikamwambia. "Waya utashika kutu."

Nikasikia mlango unafunguliwa, nikasikia unafungwa. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba ndoo.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Huku si nzuri. Tuvako hayupo, silali, na naogopa kuzaa nikiwa peke yangu. Nataka uje."